Pampu mpya, presha ile ile: kisa cha lori lililojiongezea oili

Usuli

Lori la kisa hiki ni kichwa cha semitrela chenye injini ya dizeli ya turbo, silinda 6 za mstari mmoja, ukubwa wa takriban lita 12. Lilikuwa limetembea kilomita 640,000 na injini ilikuwa haijawahi kufunguliwa chini. Lilibeba mzigo wa tani 28 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, kilomita zipatazo 930 kwa kwenda tu. Majina ya mwenye mali, ya gereji zilizolishika na ya kiwanda cha injini yameondolewa.

Injini hii haina pampu moja kubwa ya nozeli. Kila silinda ina nozeli ya kupulizia dizeli, inayosukumwa na kamshafti na kujitengenezea presha yake yenyewe. Dizeli huzifikia nozeli zote kupitia njia iliyotobolewa ndani ya silinda hedi, ikisukumwa na pampu ndogo kwa presha ya bar 4 hadi 5. Kinachotenganisha dizeli hiyo na oili inayomwagika chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) ni oringi, yaani pete za mpira, zilizovishwa kwenye kila nozeli. Hakuna kingine.

Sampu (bakuli la oili chini ya injini) na filta huchukua lita 35 za oili 15W-40. Kitabu cha injini kinataka presha isiyopungua bar 1.0 oili ikiwa ya moto na injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 600 kwa dakika, na isiyopungua bar 3.0 kwenye mizunguko 1,800. Kwa mwenye geji ya psi, bar 1 ni psi 14.5.

Taa inawaka juu ya Kitonga

Mlima Kitonga, kwenye barabara hiyo hiyo, hupandwa kwa gia ndogo, injini ikivuta kwa nguvu zote huku upepo unaopita kwenye rejeta ukiwa mdogo. Oili hupata joto lake la juu kabisa hapo. Dereva alipofika juu na kusimama ili akague matairi, taa nyekundu ya oili ilipepesa, kisha ikawaka moja kwa moja. Geji ya dashibodi ilikuwa imelala. Alizima, akachomoa dipstiki, akaona oili ipo. Alipowasha tena na kukanyaga kidogo hadi mizunguko 900, taa ilizimika. Alipiga simu ofisini, akaambiwa kama oili ipo aendelee taratibu.

Akaendelea. Alimaliza safari hadi Tunduma na kurudi Dar es Salaam, kama kilomita 1,400, akiishikilia sailensa juu kila anaposimama ili taa isiwake.

Matengenezo matatu ya mwanzo

Gereji ya kwanza ilibadilisha sensa ya oili. Gari likiwa limepoa uwanjani taa haikuwaka, likaruhusiwa. Liliporudi barabarani, taa iliwaka kabla ya kupita Chalinze.

Jaribio la pili lilikuwa la aina mbili kwa pamoja. Oili ilimwagwa bila kupimwa, ikawekwa nzito ya SAE 50. Kisha valvu ya kupunguzia presha ikafunguliwa, na nyuma ya springi yake zikaongezwa washa (pete bapa) mbili ili springi iwe ngumu zaidi. Sailensa ya moto ilipata nafuu kwa safari moja, halafu ikashuka tena. Asubuhi ya baridi pale Makambako, injini ilipowashwa, geji ilipita bar 7 na mpira wa filta ukatoka mahali pake. Oili ikamwagika chini kabla dereva hajafikia swichi.

Jaribio la tatu lilikuwa pampu mpya ya oili, ikiwa na valvu yake mpya. Pamoja nayo ziliwekwa filta mpya na lita 35 za oili mpya ya 15W-40. Sailensa ya moto ikasoma bar 1.3. Mafundi walifurahi, na mwenye gari akalipa bila kubishana. Baada ya safari mbili za kwenda na kurudi, kama kilomita 3,800, taa iliwaka tena kwenye foleni ya Kibaha. Safari hii ushauri ulikuwa mmoja: krenki (shafti kuu ya injini) imeisha, fungua injini yote. Kabla ya kukubali gharama hiyo, mwenye gari alilipeleka kwingine likachunguzwe upya.

Uchunguzi wa pili: maswali, kisha geji

Hatua ya kwanza ilikuwa kuliacha lori likae usiku kucha sehemu tambarare. Asubuhi, kabla ya kuwasha, dipstiki ilionyesha oili ikiwa sentimita 2.5 juu ya alama ya juu. Wote waliotangulia waliangalia kama oili imepungua. Hakuna aliyeuliza kwa nini imezidi.

Dereva alipoulizwa kuhusu matumizi ya oili, alijibu kama anayelisifu gari lake: zamani alikuwa akiongeza lita 2 kila safari, lakini kwa miezi kadhaa sasa halili oili kabisa. Akaongeza kwamba asubuhi sharti apige pampu ya mkono ya dizeli mara nyingi ndipo injini ishike. Kwa maelezo hayo mawili tu tatizo lilikuwa limeshaeleza linakotoka. Injini yenye kilomita 640,000 haiachi kula oili yenyewe. Kama kipimo hakishuki, kuna kitu kinachojaza nafasi ya oili iliyoungua. Na kama asubuhi njia ya dizeli ya kwenye hedi iko tupu, dizeli hiyo imekwenda mahali fulani usiku.

Hata hivyo hakuna kilichofunguliwa kwa kukisia. Geji ya mkono, isiyotumia umeme, ilifungwa kwenye plagi ya njia kuu ya oili ubavuni mwa bloku. Vipimo vilikuwa hivi:

Injini baridi, sailensa: bar 3.4.
Maji yakiwa nyuzi 88, sailensa: bar 0.5.
Joto hilo hilo, mizunguko 1,800: bar 2.1.

Sindano ilitulia muda wote. Hilo ni jambo la kuliangalia kwa makini, kwa sababu pampu inayovuta hewa kupitia gasketi mbovu ya bomba la kunyonyea hufanya sindano itetemeke, na mara nyingi presha huchelewa kupanda baada ya kuwasha. Valvu ya presha iliyokwama wazi huiangusha presha hata injini ikiwa baridi. Filta iliyoziba hufungua valvu yake ya pembeni na oili ikapita bila kuchujwa, kwa hiyo peke yake mara chache huiua sailensa. Presha nzuri ya baridi inayoporomoka kwenye joto huacha watuhumiwa wawili wakubwa: oili iliyokuwa nyepesi, au nafasi iliyopanuka kwenye beringi, vile vikombe ambamo krenki huzunguka. Kwa geji peke yake huwezi kuwatenganisha.

Oili yenyewe inasema nini

Tone la oili ya gari na tone la oili mpya ya daraja lile lile, zote zikiwa na joto la kawaida la gereji, yaliwekwa sambamba juu ya kioo kilichoinamishwa. Tone la gari lilifika chini wakati lile jipya likiwa bado halijafika nusu ya njia. Tone jingine liliwekwa kwenye gazeti. Baada ya nusu saa, kuzunguka doa jeusi kulikuwa na duara pana la rangi ya majani makavu, lenye harufu ya dizeli. Kuna wanaopima kwa kuichoma oili kwa kiberiti. Ni hatari, na jibu lake si la kuaminika.

Kisha oili ilimwagwa kwenye ndoo zenye alama za lita. Zilitoka lita 41. Ziliingia 35. Ukihesabu na ile iliyoungua njiani, dizeli iliyoingia kwa kilomita 3,800 haikuwa chini ya lita 6.

Jaribio lililoamua mambo ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote: oili mpya na filta mpya, bila kugusa kitu kingine. Injini ikapashwa moto, ikapimwa kwa geji ile ile. Sailensa ilisoma bar 1.2 na mizunguko 1,800 ikasoma bar 2.9. Kwa hiyo sehemu kubwa ya presha ilikuwa imeibiwa na dizeli. Lakini namba ya pili ilikuwa bado chini ya kiwango, na sailensa ilikuwa chini kidogo ya ile bar 1.3 ya siku pampu ilipowekwa. Maana yake beringi zimeendelea kulika. Hapo ndipo uamuzi wa kufungua sampu ulipopata sababu.

Kutafuta mahali dizeli inapopita

Pampu ndogo ya dizeli huzungushwa na gia za injini, na sili ya shafti yake ikifa dizeli inaweza kuingia kwenye gia na kushuka sampuni. Pampu hii ina tundu la kuvujia katikati ya sili zake mbili. Tundu lilikuwa kavu, pampu ikaachwa.

Tapeti kava ilifunguliwa. Sehemu ya juu ya hedi ilipanguswa kwa kitambaa safi mpaka ikakauka, hasa kwenye vishimo vinavyozunguka nozeli. Kila nozeli ikazungushiwa tishu nyeupe iliyokunjwa kama kilemba. Bomba la dizeli la kurudi tangini lilifungwa kwa plagi, geji ikawekwa kwenye njia ya dizeli, na pampu ya mkono ikapigwa hadi bar 4. Injini haikuwashwa, kwa hiyo hakukuwa na oili mpya ya kuchafua tishu.

Dakika ya 8, tishu ya nozeli ya silinda ya 3 ilianza kulowa upande mmoja, rangi ya manjano hafifu. Dakika ya 20 ilikuwa imeloa yote, na ya silinda ya 5 ilikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Nyingine nne zilibaki kavu, na geji ilikuwa imeshuka hadi bar 2.5.

Kabla ya kung'oa nozeli, dizeli ya kwenye hedi ilitolewa kwa kufungua plagi ya nyuma. Ni hatua inayorukwa mara nyingi. Ukichomoa nozeli hedi ikiwa imejaa, dizeli humwagikia juu ya pistoni, hupenya kwenye ringi na kushuka kwenye oili mpya. Ikiwa nyingi, pistoni inaweza kuibana isiyobanika na kukunja konrodi, mkono unaoiunganisha na krenki, siku ya kuwasha.

Oringi za nozeli ya 3 zilikuwa ngumu kama plastiki. Moja ilipokunjwa kwa vidole ilikatika kama biskuti. Nozeli zote 6 zilikuwa na oringi za mpira mweusi wa kawaida, na umbo la oringi hizo halikuwa duara tena. Zilikuwa zimelala bapa upande mmoja. Kumbukumbu za gari zilionyesha nozeli zilitolewa miezi minne kabla ya taa ya Kitonga, zikapimwa mezani na kurudishwa. Aliyezirudisha alinunua oringi kwa kulinganisha saizi. Saizi ilikuwa sahihi. Aina ya mpira haikuwa: mahali pale panataka mpira wa vaitoni, ambao hustahimili joto la hedi na dizeli kwa pamoja. Rangi haikusaidii kutofautisha, kwa sababu kuna oringi za kawaida zilizotiwa rangi ya kahawia na kijani, na kuna vaitoni nyeusi. Kinachosaidia ni namba ya spea.

Maamuzi, na sababu zake

Filta iliyokuwa imetumika kilomita 3,800 ilikatwa kwa kikata bomba, wala si kwa msumeno unaomwaga vumbi la chuma ndani. Karatasi yake ikaminywa kwenye jiliwa na kufunguliwa juani. Kulikuwa na unga laini unaong'aa, na chembe chache za rangi ya shaba. Sumaku haikuzivuta. Huo ni uso wa beringi; krenki au gia zingeshikwa na sumaku.

Sampu iliposhushwa, kofia za konrodi zilifunguliwa moja moja, kila moja ikirudishwa kabla ya kugusa inayofuata. Beringi za juu za konrodi, zinazobeba kishindo cha moto, zilikuwa zimepoteza ngozi ya kijivu na kuonyesha shaba kwenye silinda 2, 4 na 6. Zile za meni, zinazoishika krenki kwenye bloku, zilikuwa na mikwaruzo myepesi upande wa chini. Hakuna iliyozunguka kwenye makazi yake, hakuna iliyobadilika rangi kwa moto.

Krenki ilikuwa laini, ukucha haukunasa popote. Maikromita ilipima sehemu nne kwa kila shingo, na tofauti kubwa ya uduara ilikuwa milimita 0.02, ndani ya kiwango cha kitabu cha injini hii. Kwa hiyo krenki haikupelekwa kusagwa. Kusaga kungehitaji kutoa injini yote, na kuhamia beringi za saizi ya milimita 0.25 kungeondoa unene ambao krenki hii ilikuwa bado nao. Uamuzi ulikuwa beringi mpya za standadi kwa konrodi zote na meni zote, pamoja na bolti mpya za konrodi, kwa kuwa zile hukazwa kwa toki (nguvu iliyopimwa) kisha kwa nyuzi za kuzungusha, na kitabu kinakataza kuzirudia. Nafasi ilipimwa kwa uzi wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na shingo: zote zilikaa kati ya milimita 0.06 na 0.08.

Kulikuwa na mvutano kuhusu pampu. Fundi mmoja alitaka ibadilishwe tena kwa usalama. Pampu ya zamani ilikuwa bado stoo, ikaletwa na kufunguliwa. Rula ya chuma iliwekwa juu ya uso wake na fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi) ikapitishwa chini: nafasi ya gia ilikuwa milimita 0.08, na meno hayakuwa na alama. Ilikuwa nzima siku ilipotolewa. Pampu mpya iliachwa mahali pake.

Nozeli 6 zilivishwa oringi za vaitoni na washa mpya za shaba. Vishimo vilisafishwa, kingo zikapanguswa, oringi zikapakwa oili safi, na kila nozeli ikasukumwa wima bila kuzungushwa. Nozeli na valvu zilirekebishwa nafasi zake, kisha jaribio la tishu likarudiwa. Bar 4, dakika 30, tishu 6 kavu. Tapeti kava haikufungwa mpaka hapo.

Matokeo

Baada ya kazi, sailensa ya moto ilisoma bar 1.6 na mizunguko 1,800 ikasoma bar 3.9. Oili ya kwanza ilimwagwa baada ya kilomita 500 ili kuondoa mabaki ya dizeli na unga wa beringi. Filta ilikatwa, ikawa safi. Injini haikuoshwa kwa dizeli ndani, desturi ambayo kwenye gari hili ingekuwa kurudisha ugonjwa kwa mkono.

Kilomita 20,000 baadaye sailensa ya moto ilikuwa bar 1.5. Lori limerudi kula oili, lita 1.5 hivi kwa safari, na asubuhi linawaka bila pampu ya mkono.

Uchambuzi

Kilichopotosha kuliko vyote ni mafanikio ya jaribio la tatu. Pampu na oili viliingia siku moja, presha ikapanda, sifa ikaenda kwa pampu. Kama oili ingebadilishwa peke yake na kupimwa siku moja kabla, pampu isingenunuliwa, na ule mporomoko wa kilomita 3,800 ungesomeka mara moja kuwa ni oili inayoharibika. Lawama kwa fundi aliyefunga pampu zisizidi kipimo: huwezi kufungua sampu bila kumwaga oili. Alichoweza kufanya ni kupima kilichotoka. Ndoo yenye alama za lita ingempa jibu kabla hajagusa bolti ya kwanza.

Washa za nyuma ya springi zinahitaji kuelezwa, kwa sababu hila hii inaendelea kufundishwa. Valvu ya presha hufunguka presha inapozidi, tuseme bar 5 au 6. Kwenye bar 0.5 imeshafungwa kabisa. Kuikaza springi ya mlango uliokwisha kufungwa hakuongezi hata tone moja kwenye sailensa ya moto. Kunachofanya ni kuondoa kinga ya asubuhi ya baridi, na mpira wa filta pale Makambako ulilipia hilo. Oili ya SAE 50 nayo ilificha dalili kwa safari moja huku ikichelewa kufika kwenye turbo kila asubuhi.

Uamuzi wa dereva kukanyaga mafuta ili taa izimike ulikuwa na mantiki machoni pake: taa imezimika, kwa hiyo presha ipo. Presha ilikuwepo kweli kwenye mizunguko 900, lakini oili ile ilikuwa imekonda kiasi cha kushindwa kushikilia utando kati ya krenki na beringi chini ya mzigo wa tani 28. Zile kilomita 1,400 pamoja na 3,800 zilizofuata ndizo zilizokula beringi. Kosa lake ni dogo kuliko la aliyempa ruhusa kwa swali moja tu la "oili ipo?" Swali lilihitaji kuwa: ipo wapi kwenye dipstiki, na safari iliyopita ilikuwa wapi?

Kilichofanya kazi vizuri ni mpangilio wa kwenda kutoka kipimo cha bei ndogo hadi kikubwa, na kusimama pale ushahidi unaposimama. Geji, kioo, gazeti na ndoo havikugharimu kitu. Sampu ilifunguliwa kwa sababu ya bar 2.9 na unga wa filta. Krenki ilibaki ndani kwa sababu ya maikromita. Oringi 12 zilizoanzisha yote haya ziligharimu chini ya dumu moja la lita 20 la oili.

Jambo moja halikufanyika, na lingefaa: sampuli ya oili haikupelekwa maabara, ambako kiasi cha dizeli na cha madini kingepimwa kwa namba. Badala yake, ndani ya kebini sasa kuna daftari. Kila asubuhi ya kuondoka, kabla ya kuwasha, dereva anaandika kilomita, kimo cha oili kwa milimita juu au chini ya alama, na lita alizoongeza. Mstari ukipanda siku mbili mfululizo bila kuongezwa oili, lori haliondoki.